Monita ya IPS, ya VA au ya TN iliyotumika: ipi inafaa kazi ya kupanga kurasa nyumbani, na inajaribiwaje kabla dhamana haijaisha?

Mpanga Kurasa wa Katindo

Ndugu wasomaji wa Goma, naomba ushauri wenu kabla sijatoa pesa. Kazi yangu ni kupanga kurasa za ripoti na vipeperushi vya mashirika, na hadi sasa naifanya kwenye kompyuta ya kupakata ya inchi 14, ambayo haionyeshi kurasa mbili kwa wakati mmoja bila kuzifanya ndogo kupita kiasi. Nimeona monita tatu. Ya kwanza ni mpya, ya inchi 24, paneli ya IPS, ipo katika duka moja la Birere. Ya pili nayo ni mpya, ya inchi 27, paneli ya VA, ipo Gisenyi, na nikishaivusha mpaka na kuilipia ushuru itakuwa ghali kuliko zote. Ya tatu ni ya inchi 22, paneli ya TN, imetumika ofisini kwa miaka mingi, na bei yake haifiki nusu ya bei ya ile ya kwanza. Mbili za mwanzo zina pikseli, yaani nukta za picha, 1920 kwa 1080. Ile ya zamani ina 1680 kwa 1050 na milango ya kebo ya picha ya aina ya VGA na DVI, ilhali kompyuta yangu ina HDMI peke yake. Mwenye duka la Birere amekubali kuirudisha monita ndani ya siku tatu ikiwa na kasoro, kwa hiyo nataka pia kujua nitazame nini katika siku hizo.

Fundi wa Ndosho

Dada, tofauti ya hizo tatu inatokana na jinsi fuwele za kimiminika zinavyokaa ndani ya kioo. Katika kila monita ya LCD kuna taa nyeupe nyuma, kisha karatasi mbili zinazochuja mwanga, na katikati yake fuwele ambazo umeme huzigeuza ili mwanga upite au uzuiwe. Kwenye TN, teknolojia iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, fuwele zimesokotwa kwa nyuzi 90. Ni rahisi kutengeneza na zinageuka haraka, lakini ukiinama kidogo na kuitazama skrini kutoka chini, rangi zinageuka hata uso wa mtu kwenye picha unaonekana kama wa negativu. IPS, ambayo Hitachi iliileta mwaka 1996, huzungusha fuwele zikiwa zimelala sambamba na kioo, na ndiyo maana rangi haibadiliki sana mtazamaji akisogea. Kwenye VA fuwele husimama wima umeme usipopita, zikaziba mwanga vizuri zaidi: uwiano wa mweupe na mweusi hufika kama 3000 kwa 1, ilhali IPS na TN za kawaida ziko karibu na 1000 kwa 1.

Kwa kazi yako mimi nachagua IPS bila kusita. Anayepanga kurasa hukaa karibu na skrini, na jicho lake huziona pembe za skrini kwa mshazari. Kwenye VA kijivu kile kile kitaonekana kizito katikati na chepesi pembeni, nawe utaanza kurekebisha kitu ambacho hakina kosa.

Mpiga Picha wa Himbi

Naomba tusiidharau VA. Mtu anayetazama filamu au kuhariri video usiku, taa za chumba zikiwa zimezimwa, atafurahia weusi wake, kwa sababu kwenye IPS usiku wa filamu hugeuka kijivu. Kasoro yake ninayoiona mara kwa mara ni kwamba kitu cheusi kinachotembea huacha kivuli kinachoburuzika nyuma yake, na anayesogeza kurasa zenye maandishi meupe juu ya weusi ataliona jambo hilo.

Hata hivyo, ile ya Gisenyi mimi singeivusha mpaka, na sababu si paneli. Pikseli 1920 kwa 1080 zikitandazwa kwenye inchi 27 unapata pikseli 82 hivi kwa kila inchi, na kwenye inchi 24 unapata 92. Ukikaa umbali wa sentimita 60, herufi ndogo za maelezo ya chini ya ukurasa zitaonekana na ngazi kwenye mikunjo yake. Monita ya inchi 27 inanoga ikiwa na pikseli 2560 kwa 1440, yaani 109 kwa inchi. Kulipa zaidi, pamoja na ushuru, ili upate maandishi yasiyo makali si biashara nzuri kwa mtu wa maandishi.

Mwalimu wa Keshero

Nami niitetee kidogo ile iliyotumika, maana wapo wasomaji wenye uwezo mdogo kuliko Dada. Inchi 22 zenye pikseli 1680 kwa 1050 zinatoa 90 kwa inchi, karibu sawa na ile mpya ya inchi 24, na umbo lake ni refu zaidi kwenda juu, jambo linalompendeza anayesoma na kuandika. Suala la mlango nalo ni dogo: DVI na HDMI hutumia mawimbi ya aina moja kwa upande wa picha, hivyo kebo ya kawaida yenye HDMI upande mmoja na DVI upande wa pili inatosha, ila sauti haitapita. VGA ndiyo ya kuepuka, kwa kuwa inadai kifaa cha kugeuza mawimbi na ukali wa herufi hupungua.

La kuuliza ni taa yake ya nyuma. Monita nyingi za umri huo zina mirija ya floresenti badala ya LED, na mirija iliyochoka hutoa mweupe wa rangi ya chai, huchukua dakika kadhaa kufikia mwangaza wake, na hula umeme mwingi: wati 40 hivi, ilhali inchi 24 ya LED hutosheka na wati 20 au pungufu. Sisi tunaofanyia kazi kwenye betri na onduleri kuranti inapokatika, tofauti hiyo inaamua kama utamaliza ukurasa au hutamaliza.

Mpanga Kurasa wa Katindo

Nawashukuru nyote. Nimeamua ni ile ya IPS. Sasa naomba Mzee Fundi anipangie majaribio, na ikiwezekana yasile vifurushi vya intaneti.

Fundi wa Ndosho

Hayahitaji intaneti, Dada, kwa sababu wewe mwenyewe unajua kutengeneza picha. Kwenye programu yako ya kupanga kurasa andaa kurasa za pikseli 1920 kwa 1080: moja nyeusi tupu, moja nyeupe, moja nyekundu, moja ya kijani, moja ya buluu, moja ya kijivu cha kati, na moja yenye mteremko laini kutoka mweusi hadi mweupe. Ongeza ukurasa mweusi wenye vibandiko vya kijivu kizito sana, kuanzia ngazi ya 2 hadi ya 20 kati ya 255. Akitaka picha zilizokwisha andaliwa, mtu anaweza kuzichukua mara moja kwenye tovuti ya Lagom akazihifadhi.

Kabla ya kuchomeka, tazama prizi. Monita inakubali volti 100 hadi 240, kwa hiyo 220 zetu si tatizo. Tatizo ni umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika, na plagi ya miguu mitatu ya bapa iliyoshikiliwa na adapta inayolegea. Weka stabilizateri, na adapta ibane vizuri. Iache monita ikiwaka kama nusu saa kabla ya kuihukumu, kisha hakikisha kwamba kompyuta inatoa pikseli 1920 kwa 1080 kamili, kwa sababu kipimo kingine chochote hulegeza herufi na watu huilaumu paneli bure.

Anza na rangi tupu. Monita hii ina pikseli 2,073,600, na kila moja ina vijicho vitatu, cha nyekundu, cha kijani na cha buluu, hivyo jumla ni zaidi ya milioni sita. Kwenye ukurasa mweupe tafuta doa jeusi, na kwenye mweusi tafuta nukta inayowaka. Futa kwanza vumbi, maana chembe ya vumbi la lava hufanana kabisa na pikseli iliyokufa.

Kisha subiri usiku, zima taa, fungua ukurasa mweusi. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Kila IPS ina mng'ao hafifu pembeni ambao hubadilika ukisogeza kichwa au ukirudi nyuma. Huo ni tabia ya paneli wala si ugonjwa. Mwanga unaovuja, kwa upande mwingine, hukaa palepale popote usimamapo, mara nyingi kando ya fremu, na ukionekana waziwazi hata taa ya chumba ikiwa imewashwa, rudisha monita.

Kwenye mteremko wa kijivu tafuta mistari yenye kingo kali au mahali panapoingia wekundu au ukijani. Mwisho, punguza mwangaza hadi karibu na mwisho, fungua ukurasa mweupe, na upunge kalamu haraka mbele yake. Ukiona kivuli kimoja laini, taa ni tulivu. Ukiona kalamu nyingi zilizoachana, taa inazimika na kuwaka kwa kasi ili kupunguza mwangaza, na wapo watu ambao jambo hilo huwaumiza kichwa. Kwako, unayekaa mbele ya skrini kutwa, jaribio hili ninalipa uzito kuliko doa moja jeusi kwenye kona.

Mpanga Kurasa wa Katindo

Nimefanya yote. Kalamu imetoa kivuli kimoja. Kuna nukta moja nyekundu isiyozimika, karibu na ukingo wa chini. Mng'ao wa kona ya kushoto hubadilika nikisogea. Linalonisumbua ni vibandiko vya kijivu: kutoka ngazi ya 2 hadi ya 14 sioni kitu, na ile ya 20 inaonekana kwa shida.

Mpiga Picha wa Himbi

Hilo la vibandiko si kosa la monita, Dada. Kompyuta ikiunganishwa kwa HDMI wakati mwingine huidhani monita ni televisheni, ikatuma rangi katika nafasi ya 16 hadi 235 badala ya 0 hadi 255. Pande hizo mbili zisipoelewana, weusi unageuka kijivu au, kama kwako, ngazi za chini zinamezwa. Ingia kwenye mipangilio ya kadi ya picha na pia kwenye menyu ya monita, chagua nafasi kamili pande zote mbili, kisha tazama tena. Vilevile chagua hali ya sRGB, yaani kiwango cha kawaida cha rangi za kompyuta, kama ipo. Kwa mweupe, weka karatasi utakayochapishia kando ya skrini, karibu na dirisha mchana, na upunguze mwangaza hadi skrini isiizidi karatasi. Monita nyingi hutoka dukani zikiwa kali mno kwa kazi ya kuchapisha.

Mwalimu wa Keshero

Kuhusu ile nukta nyekundu, kiwango cha zamani cha ISO 13406-2, katika daraja la pili lililotumiwa na watengenezaji wengi, kiliruhusu hadi pikseli 2 zinazowaka daima na 2 zilizokufa kwa kila pikseli milioni moja, pamoja na vijicho kadhaa vyenye kasoro. Kijicho kimoja hakifiki huko, kwa hiyo dhamana ya kiwanda haitakusaidia. Lakini ahadi ya siku tatu ni ya mwenye duka, si ya kiwanda. Muulize kwa upole kama ana nyingine, na mkiifungua ijaribu palepale.

Mpanga Kurasa wa Katindo

Nimebadilisha nafasi ya rangi, na sasa ngazi ya 4 inaonekana. Nukta nimeamua kuishi nayo, kwa kuwa iko mahali pa upau wa programu na haigusi ukurasa. Monita inabaki.

Fundi wa Ndosho

Vizuri. Kuhusu usafi, usipanguse skrini ikiwa kavu: mchanga wa lava unaopeperushwa na pikipiki mitaani kwetu ni mgumu na hukwaruza utando wa juu. Zima monita, peperusha vumbi kwa brashi laini, kisha pitisha kitambaa cha maikrofaiba kilicholoweshwa kidogo kwa maji safi, bila dawa ya vioo vya dirisha. Maji yaingie kwenye kitambaa, yasinyunyizwe kwenye skrini, kwa sababu tone likiteremka hadi kwenye fremu ya chini huzifikia nyaya za paneli, na hapo hakuna fundi atakayeirudisha.