Naomba ushauri: vitabu vya Bake Off vinamkata kiu shabiki au ni pambo la kabati?

Fundi Mnazi (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni. Mke wangu anapika keki za oda hapa mtaani, za birthday, send-off na kitchen party. Ugonjwa wake mkubwa ni The Great British Bake Off, yale mashindano ya Waingereza ya kuoka ndani ya hema. Jamaa wa kibandani anamjazia misimu kwenye flash, akimaliza kazi anakaa nayo mpaka usiku wa manane. Humu ndani Paul Hollywood, jaji wa kipindi, anatajwa kuliko mbunge wetu.

Mwezi ujao ni birthday yake. Shemeji yangu, kaka yake, anaishi Leicester na anakuja likizo, kwa hiyo mzigo una wa kuubeba. Nimeona wanatoa vitabu vinavyoendana na misimu, nikasema zawadi ndiyo hii. Sasa rafiki yangu kanitia ubaridi: anadai vitabu vya hivi vipindi ni vya kukamua mashabiki, picha kubwa maneno machache, mtu anapekua siku ya kwanza kisha basi. Na bei yake si ya kuchezea. Waliowahi kuvishika naombeni ukweli.

Mzee wa Gahawa
Nunua doti mbili za khanga ulale salama.

Bi Shuwari
Mzee wa Gahawa usimpoteze mwenzio. Fundi, mimi ninacho kimoja na ninakitumia, ukurasa mwingine umeshaganda kwa siagi.

Kwanza ujue ni kitabu cha mapishi, hakisimulii kipindi. Anayetafuta visa vya hemani atanuna. Mnamkumbuka yule kaka wa mwaka 2014 aliyeona aiskrimu ya Baked Alaska yake imeyeyuka, akaitupa yote kwenye pipa la taka, halafu akaenda mbele ya majaji na pipa lenyewe? Waingereza waligombana, malalamiko yakafika mpaka BBC. Kitabuni hupati kitu kama hicho, na hata wangetaka wasingeweza, maana kinatoka msimu ukiwa ndio unaanza kuonyeshwa na mshindi bado ni siri.

Utamu wake uko kwingine. Ile raundi ya pili, ya Technical, washindani wanapewa karatasi ya maelekezo iliyonyofolewa: "tengeneza donge", "oka", basi. Hakuna dakika wala kiasi cha moto. Kwenye TV tunacheka wakitazamana, lakini na sisi hatujui. Kwenye kitabu changu mapishi ya majaji yameandikwa kamili: moto kiasi gani, donge liumuke mpaka wapi, ukilibonyeza kwa kidole lirudi vipi. Mpikaji akisoma hapo anaelewa kwa nini yule dada mkate wake ulilala. Mimi pesa yangu ilirudi kwenye kurasa hizo. Picha sijui, sijaziangalia tena.

Kuhusu vifaa asiogope. Unga wao mwingi umeshachanganywa baking powder. Kwa gramu 150 za ngano ya kawaida natia baking powder vijiko viwili vya chai. Sukari yao laini naipata kwa kusaga hii yetu kwenye blenda sekunde chache, ukizidisha inakuwa vumbi. Halafu joto huandikwa mara mbili, la oveni ya kawaida na la oveni ya feni, na linapishana kama digrii 20. Hapo ndipo wengi wanaunguza.

Mwana Isiolo
Bi Shuwari amenena, ila hayo ni ya vipindi vya mapishi. Sisi wa Survivor, yale mashindano ya Wamarekani ya kuishi porini, hatuna cha kupika. Msimu wa kwanza, mwaka 2000, mtayarishaji mwenyewe Mark Burnett alitoa kitabu pamoja na Martin Dugard kuhusu watu 16 waliokaa siku 39 kisiwani Pulau Tiga wakiwania dola milioni moja. Ukishajua Richard Hatch ndiye alishinda, unabaki kutafuta yaliyofichwa, na mwenye duka hawezi kukuambia mizani yake imepinda.

Msimu wa tatu ulipigwa huku kwetu Kenya, kwenye hifadhi ya wanyama ya Shaba, mwaka 2001. Makundi wakayapa majina ya Boran na Samburu, Wamarekani wakawa wanachota maji kwenye kidimbwi kimoja na wanyama. Ethan Zohn alishinda, na sehemu ya zile pesa ikasaidia kuanzisha Grassroot Soccer, shirika linalotumia kandanda kupambana na ukimwi. Mimi kitabu ninachokitaka ni cha wenyeji: walimlipa nani, walifunga barabara ipi, wazee wa huku waliwaonaje. Hicho ningekinunua hata kwa bei ya mbuzi.

Kipanga Mweusi
Na cha Idris Sultan kukaa kwenye nyumba ya Big Brother mpaka kuondoka na dola 300,000 mwaka 2014. Nasubiri mpaka leo.

Salma wa Kijitonyama
Ndiyo maana kwa vipindi vya visa mimi nanunua vya watu wa nje. Mwandishi wa Los Angeles Times, Amy Kaufman, alitoa chake mwaka 2018 kuhusu The Bachelor, kile kipindi cha Marekani cha mwanamume kuchagua mchumba. Waliokiandaa kipindi walikuwa wameshamtoa kwenye orodha ya waandishi wanaoalikwa, akaenda kwa waliowahi kushiriki na kufanya kazi humo, wakamweleza namna watu wanavyosukumwa mpaka walie. Nilikimaliza kwa siku mbili, na kipindi chenyewe nikaendelea kukitazama!

Fundi, swali ni moja tu. Mkeo anapenda keki au anapenda watu?

Fundi Mnazi
Salma, umenipa kazi nzuri. Jana nilikaa naye makusudi. Wakianza kulia na kukumbatiana anasogeza mbele. Hollywood akimpa mtu mkono, hana habari. Ilipofika ule mkate wa kusuka nyuzi nane, akasimamisha. Akarudisha. Akaenda kuchukua mabaki ya utepe wa kufungia maboksi ya keki, akakata vipande vinane, akavibana chini ya sahani na kuanza kusuka huku anahesabu kwa sauti. Chai yangu imepoa hapo hana habari nayo.

Bi Shuwari
Agiza leo.

Salma wa Kijitonyama
Agiza, ila mwambie kaka mtu apitie orodha ya mapishi kabla hajalipa, maana si kila kilichoonekana hemani kimo kitabuni. Kama mkate wa kusuka haumo, atafute cha msimu mwingine.

Bi Shuwari
Na vipimo viwe vya gramu. Vitabu vya Marekani vinapima kwa vikombe, na kikombe chao si hiki chetu cha chai.

Mzee wa Gahawa
Haya nimeshindwa. Keki ya kwanza tuletewe kijiweni.

Fundi Mnazi
Nimeshamtumia shem ujumbe. Kajibu kwamba naye dada yake alimwomba siri amletee mzani wa jikoni, kwa hiyo kwenye begi vitakaa pamoja. Tatizo lililobaki ni nani atalifungua begi kwanza.