Toz (dhoruba ya vumbi) imenikuta barabara ya Abdali, nilikosea wapi?

mwana_takaungu: Asalaam aleykum wazee. Mimi ni dereva wa nyumba hapa Kuwait, huu mwezi wa nne. Jana alasiri natoka Abdali, shambani kwa bosi, nimebeba nyanya na matango. Mara kwenye kioo naona mbingu nyuma yangu imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Sijamaliza bismillahi, hata boneti siioni. Nikakanyaga breki papo hapo barabarani, nikawasha taa za dharura. Trela likanikwepa, likaondoka na kioo changu cha ubavuni. Mpaka leo mikono inatetemeka, na nina pumu.

dereva_jahra: Alhamdulillahi umetoka mzima, mdogo wangu. Umekosea kusimama kwenye lami, tena taa zikiwaka. Wa nyuma haioni barabara, anachoona ni taa zako nyekundu tu. Anadhani unatembea, anazifuata mpaka anakuvaa. Ukiiona inakuja, punguza mwendo mapema, toka kabisa nje ya lami, vuta handibreki, zima taa zote, hata za dharura. Kisha ondoa mguu kwenye breki, maana nayo inawasha taa! Mkanda usifungue. Kule Arizona, Marekani, madereva hufundishwa hivyo hivyo.

Toz huletwa na shamal, upepo wa kaskazini-magharibi unaozoa vumbi la tambarare za Iraki. Mwezi wa 6 na wa 7 unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo. Mei 2022 hata uwanja wa ndege ulisimamisha safari. Habubu ni kitu kingine: ukuta wa vumbi unaosukumwa na mvua ya radi, huja ghafla na haukawii kupita.

mama_salmiya: Kaka, hiyo pumu usiichezee. Dawa ya kuvuta iwe mfukoni mwako. Funga vioo, AC izungushe hewa ya ndani, vaa barakoa ya N95, kwani leso vumbi laini linapenya. Nyumbani mimi hulaza taulo lililoloa chini ya mlango, asubuhi nikilikamua linatoka tope. Na usifagie pakavu, pangusa kwa kitambaa chenye maji.

mwana_takaungu: Shukrani sana. Dawa ilikuwa kwenye begi, chini ya kreti za nyanya. Sasa iko mfuko wa shati. Alhamisi narudi Abdali na watoto wa bosi, nimwombe tuahirishe?

dereva_jahra: Asubuhi tazama utabiri. Wakitaja vumbi, mwonyeshe simu. Kazaliwa hapa, toz anaijua kuliko sisi.