Kima jikoni, komba darini: tunaishije nao huku Galu?

Mwalimu Mstaafu:
Hamjambo nyote. Mimi na mke wangu tumestaafu, tumetoka Kisauni tukahamia Galu, kule Diani inakoishia ukielekea Kinondo. Nyumba ni ya mawe na paa la makuti, imezungukwa na mibuyu, mkwaju na miti ya msituni ambayo majina yake bado najifunza. Tuliinunua kwa sababu ya miti hiyo. Wenye miti hatukuwauliza.

Juzi mke wangu alitandika mahamri na mbaazi barazani, akaingia ndani kuchukua birika. Kutoka, kima dume ameketi kwenye kiti changu, hamri moja mkononi, jingine limejaa shavuni, anamtazama kama mwenye nyumba. Mlango wa jikoni wanaufungua. Friji pia. Nyani nao hupita kwa kundi na kupindua pipa la taka, halafu kenge mmoja mnene anajua saa ya kuku kutaga kuliko mimi.

Usiku ni zamu ya komba. Wanatembea juu ya dari, na nje wanalia sauti ya mtoto mchanga. Mke wangu nyani hamwogopi hata kidogo, lakini sauti ile imemkosesha usingizi. Sisi tumelelewa tukiambiwa ukisikia mtoto analia nje usiku wa manane, usitoke.

Jirani, mwenye nyumba ya kupangisha wageni, ananishauri nipake sumu kwenye ndizi niwaachie. Hilo sitaki. Ila pia sitaki kuishi nimejifungia. Nyinyi mliozaliwa huku mnafanyaje?

Mpishi wa Gazi:
Shikamoo Mwalimu. Mimi nimepika na kutunza nyumba za wageni ufuo huo tangu nikiwa msichana, kwa hivyo nivumilie nikirefusha.

Kwanza wajue kwa sura, maana watu huwapiga wote kwa kosa la mmoja. Mwenye shingo nyeupe na mwili mzito ni kima, huyo ndiye mgeni wako wa mahamri. Tumbili ni mdogo zaidi, rangi ya majivu, uso mweusi (na madume yao, utanisamehe Mwalimu, yana korodani za samawati, hutawakosea). Yule mweusi mwenye manyoya marefu meupe mabegani ni mbega. Mtoto wake huzaliwa mweupe kabisa. Mbega hana haja na jikoni lako: anakula majani, machipukizi na matunda mabichi, na tumbo lake limeumbwa kwa chakula hicho. Ukisikia mtu anasema mbega kamwibia mkate, jua hajamwona mbega.

Kima hakuzaliwa akijua friji. Alifundishwa. Mgeni anafika leo, anampa ndizi apate picha, kesho kutwa yuko kwenye ndege. Anayebaki na kima asiyeogopa mtu ni wewe na mimi. Nimewaambia matajiri wangu wote: mgeni akianza kulisha, mimi nakuja kumwambia mwenyewe, hata akinuna. Jirani yako anayetaka kutia sumu, nenda kachungulie meza ya wageni wake asubuhi. Naweka dau wanalisha.

Sasa jikoni. Kitasa cha kushusha kwa mkono kima anakiweza, ananing'inia tu mlango unafunguka. Tia komeo juu, kwa ndani na kwa nje. Milango ya kusukuma pembeni ndiyo mibaya zaidi. Nondo za dirisha hazitoshi, mtoto wa kima anapita katikati na kumtupia mamake vitu, nimeona. Funga wavu wa chuma wenye matundu madogo. Matunda yasikae mezani hata kama ni pambo. Pipa la taka liwe na kifuniko cha kufungwa kwa chuma, au taka zikae stoo hadi siku ya gari.

Ukimkuta ndani, mwachie njia ya kutokea, usisimame mlangoni. Usimtolee meno wala usimkazie macho, kwake hayo ni maneno ya vita. Na chakula kikishakuwa mkononi mwake, ni chake. Mimi naweka manati mfukoni mwa aproni, bila jiwe. Ukiinua mkono tu na kuvuta mpira, tumbili na kima wanatawanyika. Nyani ni habari nyingine. Nyani akiona mwanamke peke yake hujivuna, sijui nani kamwambia, kwa hiyo kwa nyani naita mlinzi na tunatoka wawili.

Sumu, Mwalimu, usiiguse. Ndizi haijui nani wa kuila: ataila komba usiku, atailamba mbwa wako, na mzoga wataula kunguru na tai. Tena ni kosa la jinai, soma Sheria ya Wanyamapori ya 2013, na KWS, shirika la serikali la wanyamapori, wana ofisi Kwale, si mbali. Hata ukiwamaliza hao, kundi la upande wa pili litahamia kwako, maana miti na taka bado zipo.

Komba ndiye napenda kuliko wote. Anakula wadudu na matunda, na mibuyu yako ikitoa maua usiku, yeye na popo ndio wanaoyatembelea kwa utamu wake na kuyachavusha. Waulize wagema wa Msambweni, watakwambia nani anaonja tembo kwenye kibuyu kabla yao. Ukitaka atoke darini, usizibe tundu mchana, wakati huo amelala ndani. Subiri watoke baada ya isha, mulika tochi uhakikishe hakuna kitoto kilichobaki, ndipo uzibe. Mwambie Mama aketi nje siku moja wakianza kulia, amulike mtini, aone yale macho mekundu yanayorudisha mwanga. Akishamwona mwenye sauti atalala.

Kenge sina dawa naye. Jenga banda la kuku lenye sakafu ya saruji.

Fundi wa Umeme, Ukunda:
Dada kasema yote isipokuwa nyaya. Huku mbega wengi hawafi kwa sumu, wanakufa kwa nyaya zisizovikwa. Akishika waya mmoja kwa mkono na kugusa wa pili kwa mguu, basi. Kagua laini inayoingia kwako, kama ni waya mtupu omba ubadilishiwe waya uliovikwa. Zile ngazi mnazoziona zimetungwa juu ya barabara ya Diani ni za Colobus Conservation, shirika la kuwahifadhi mbega, walianza kazi mwaka 1997, na mbega, kima na tumbili wanazipita juu ya magari. Mkimkuta aliyeungua au kugongwa wapigieni hao, msimbebe wenyewe, anauma.

Mkulima wa Lukore:
Nimesoma habari za mahamri nikacheka. Huku kwetu, pembeni ya hifadhi ya Shimba Hills, ndovu akiingia usiku mmoja mahindi yamekwisha, na ada ya shule imekwenda nayo. Tunalala kwenye vibanda na mabati ya kupiga kelele. Wengine wanachoma kinyesi cha ndovu kilichochanganywa na pilipili. Nasikia kule Sagalla, Taita, wametundika mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka mashamba, ndovu akigusa waya nyuki wanatoka, na mwenye shamba anauza asali juu yake. Kuna mtu amejaribu Kwale? Mwalimu, kima wako nitamchukua, nipe likizo ya ndovu.

Mwalimu Mstaafu:
Ndugu wa Lukore, umenifunga mdomo, pole sana. Dada wa Gazi, marahaba, asante. Nilikwenda kwa jirani saa ya chai: wageni wawili na shada zima la ndizi ukutani, kima kumi hivi wamepanga foleni. Nimezungumza na mlinzi wake kwanza, maana mwenyewe yuko Nairobi, na kasema yuko tayari kubandika tangazo kama nitaliandika mimi. Nitaliandika.

Komeo fundi analeta Ijumaa. Fundi wa Umeme, laini yangu ni waya mtupu na imepita katikati ya mkwaju, mbega wanalala humo. Nimpandishe kijana akate matawi?

Fundi wa Umeme, Ukunda:
Hapana Mzee, usimpandishe mtu na panga karibu na waya ulio hai. Waambie kampuni ya umeme wazime laini kwanza, na uwaite Colobus Conservation waje waangalie, wao hupunguza matawi yanayogusa nyaya. Usikubali kukata mkwaju wote, atakayekuja na msumeno atakwambia ndiyo rahisi. Nitumie picha ya nguzo nione ni ya mbao au saruji.