Tupeane uzoefu: nani alicheza Captain Tsubasa ya zamani, ile gemu ya mpira ya Kijapani, paswadi ikamliza?

Kibokoni
Jana nikipangua kabati la marehemu bibi nimekutana na kaseti ya Captain Tsubasa ya pili, ile ya Tecmo ya 1990. Nimekaa sakafuni nayo mkononi wallahi. Kijapani hatukujua hata neno, menyu tukiijua kwa mahali pake tu, hapa pasi, hapa chenga, hapa shuti. Waliocheza waje.

Mtoto wa Majengo
Hiyo ni Captain Majid. Ami yetu katuletea kutoka Jeddah pamoja na kanda za katuni, Majid!!

Tudor4
Waarabu ndio walombadilisha jina, kwenye gemu ni Tsubasa. Usipotoshe watu.

Bin Bajia
Acheni jina. Mimi nilifika Brazil, timu ya mwisho ya gemu. Ramadhani nzima tukitoka tarawehe twaenda kwa jirani mwenye TV, na gemu yenyewe si ya kubonyeza mbio mbio kama zengine, adui akikufikia mchezo wasimama wachagua la kufanya, na kila ulifanyalo lakula nguvu, Drive Shot, lile shuti kali la Tsubasa mchezaji mkuu, ukiipiga ovyo ovyo kipindi cha pili hana nguvu ya kuipiga tena. Level zangu zishapanda, Brazil kanifunga, jirani asema zimeni daku yaja. Nikachora paswadi, yale maandishi ya kuendelea ulipoachia, kwenye daftari la Hesabu, nasema kuchora maana ni herufi za Kijapani, moja moja, ulimi nimeuuma. Kesho yake natoka madrasa daftari silioni. Mama alikuwa akiuza bajia jioni, nikaenda kwenye rundo la karatasi za kufungia, nikaona jalada langu, ndani tupu. Nilizunguka mtaa mzima nauliza nani kanunua bajia kwetu. Karatasi nikaipata kwa mzee mmoja barazani, imelowa mafuta, herufi mbili zishakuwa doa. Moja nikaotea. Ile nyengine ziko mbili zafanana kama pacha, moja ina kitanzi mkiani moja haina, nikatia hii ikakataa, nikatia ile ikakataa, mpaka adhana ya alfajiri. Brazil sijaiona tena.

Likoni Kwetu
Hicho kitanzi!! Hata mimi 😭

Tudor4
Pole kaka. Mama ulimwambia?

Bin Bajia
Sikumwambia. Bajia zile ndizo zilizotusomesha.

Mtoto wa Majengo
Kwa Brazil kipa asidake, apige ngumi. Kudaka shuti kali ni kujifunga.

Likoni Kwetu
Akipiga ngumi mpira wabaki ndani ya boksi, wafungwa kwa marudio. Daka bwana.

Tudor4
Akiwa yule kipa dhaifu Morisaki langoni daka usidake ni mamoja, soma dua usubiri kipa hodari Wakabayashi aje 😂

Makupa Stage
Kibokoni, kaseti yasoma? Ipulize vizuri halafu uitie kwa kuilaza kidogo.

Likoni Kwetu
Asipulize! Mate yatia kutu zile shaba. Pamba na spiriti, iache ikauke.

Makupa Stage
Miaka yote tumepuliza na zikasoma.

Kibokoni
Nimepangusa kwa spiriti, mara ya kwanza skrini nyeupe, ya tatu ikaimba ule muziki wa mwanzo, mke wangu katoka jikoni kuuliza kuna nini. Imewaka jamani. Bin Bajia, Ijumaa njoo tuanze upya na Sao Paulo, timu ya Tsubasa ya mwanzo.

Bin Bajia
Baada ya Isha niko mlangoni. Mara hii paswadi naipiga picha na simu.