Naomba ushauri: maoni ya sera ya sayansi na teknolojia, tutangulize lipi?

Wakuu, habari zenu. Nimo kwenye kikundi kinachoandaa maoni ya kupeleka serikalini kuhusu sera ya kukuza sayansi na teknolojia, na tumekwama.

Wenzangu wanataka tukazie kiwango cha fedha: asilimia 1 ya pato la taifa iende kwenye utafiti, kama Umoja wa Afrika unavyohimiza nchi wanachama tangu 2006. Sipingi. Ila maabara ninayofanyia kazi ina mashine ya kuzidisha vinasaba iliyonunuliwa kwa fedha za mradi. Mradi uliisha, kemikali zikapitwa na muda, na bajeti haina kifungu cha matengenezo. Imefunikwa kitambaa, vumbi juu. Kila nikiipita roho inaniuma, maana vijana wa kuitumia tunao.

Korea Kusini ilipoanzisha KIST, taasisi yake ya utafiti wa sayansi na teknolojia, mwaka 1966, iliwarudisha nyumbani wanasayansi wake waliokuwa ughaibuni kwa mishahara mizuri na makazi. Leo inatumia zaidi ya asilimia 4 ya pato lake kwenye utafiti. Ndiyo maana naona watu na matengenezo vitangulie majengo mapya.

Je, niko sahihi, au nang'ang'ania jambo dogo? Na kwa mliowahi kushughulika na msamaha wa kodi kwa kampuni zinazofanya utafiti: mnazuiaje matumizi ya kawaida yasiandikwe kuwa ni utafiti? Hapo hasa ndipo sina uzoefu.