MJADALA: Mama akitaka kijiti cha uzazi wa mpango kitolewe kabla ya muda wake, mhudumu ana haki ya kumkatalia?

Wakuu, salaam. Kila tukigusa uzazi wa mpango tunaishia kubishana kama dini inaruhusu au kama Wazungu wanataka kutupunguza. Mimi nina swali dogo kuliko hayo: ukishawekewa kijiti, kile kinachopachikwa chini ya ngozi ya mkono kuzuia mimba, nani mwenye mamlaka ya kusema sasa kitoke?

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Mwenye mkono ndiye mwenye uamuzi. Akisema leo, ni leo.

Vijiti vyenyewe sina ugomvi navyo. Mwaka 2013 wafadhili walielewana na watengenezaji, bei ikashuka kutoka kama dola 18 hadi 8.50, vikafika mpaka zahanati za vijijini. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta ndiyo njia ya kisasa inayoongoza kwa wanawake walioolewa Tanzania, asilimia 14, sindano ikifuata kwa 9. Vinakaa miaka 3 au 5 kutegemea aina, na vikitolewa uwezo wa kushika mimba hurudi mapema kuliko kwa aliyekuwa anachoma sindano. Aliyevichagua mwenyewe amepumzika.

Sasa angalieni tofauti hii. Vidonge unaviacha mezani. Sindano ya miezi mitatu, usiporudi kliniki, imekwisha yenyewe. Kijiti, na kitanzi kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi, huviachi mpaka mtu mwingine akubali kukutolea.

Kuna dada mtaani kwetu anauza chapati. Aliwekewa vijiti viwili, vile vya miaka 5, saa chache baada ya kujifungua. Aliulizwa akiwa katikati ya uchungu, na pale hata ungemuuliza kama anataka kwenda mwezini angeitikia. Kitaalamu kuweka kijiti mara tu baada ya kujifungua hakuna shida. Mazungumzo ndiyo yalitakiwa yafanyike kwenye kliniki ya wajawazito, miezi kabla. Basi damu ikawa inamtoka kidogo kidogo, haikati, anakaanga chapati huku pedi za akiba zimefichwa chini ya mfuko wa unga. Akarudi kituoni. "Vumilia miezi mitatu, mwili utazoea." Akavumilia, akarudi tena: anayetoa yuko semina, njoo Alhamisi. Alhamisi ikawa: "Vya miaka mitano hivi, unataka kuvitupa? Mumeo anajua?" Mwisho akaenda chumba cha nyuma cha duka la dawa, akalipa elfu kumi na tano, akachanwa. Kimetoka kimoja. Cha pili ukimpapasa mkono unakikuta, kimelala upande chini ya kovu.

Nimewahi kulieleza hili mbele ya nesi mmoja wa wodi ya wazazi, akanijibu kwa hasira: ninyi hamjawahi kumshika mama wa watoto saba anayetokwa damu mkaikosa chupa ya damu benki. Halafu akaongeza jambo lililonikaa zaidi. Wengi wanaokuja kutoa, alisema, wametumwa na wanaume. Ukimtolea kijiti unamrudishia mume ushindi.

Hoja hiyo ni nzito na siipuuzi. Lakini nikiifuata mpaka mwisho nakuta mwanamke amebanwa na wawili: mume nyumbani, nesi kituoni. Nesi mwema angemwingiza chumbani peke yake, amuulize mara moja kama anasukumwa, amweleze kuwa ipo sindano asiyolazimika kuionyesha kwa mtu. Baada ya hapo achome ganzi, atoe.

Na tusijidanganye kwamba nia njema inatosha. Denmark nayo ilidhani inawasaidia watu wa Greenland, kisiwa kilicho chini yake: kuanzia 1966 mpaka 1970 wanawake na wasichana wanaokadiriwa 4,500 waliwekewa kitanzi, wengi bila ridhaa, wengine wakiwa bado wanafunzi. Waziri Mkuu Mette Frederiksen alikwenda Nuuk, mji mkuu wa Greenland, kuomba radhi Septemba 2025. Kwetu shinikizo limetoka hata upande wa pili. 2018 Rais Magufuli akiwa Meatu aliwaambia wanawake waachane na uzazi wa mpango wazae. Kote huko mwenye tumbo hakuulizwa.

Kinachonikera ni hesabu. Kituo kinasifiwa kwa idadi ya waliowekewa. Huduma ya mkoba, yaani wahudumu wanaozunguka vijijini, inakuja na gari, inaweka watu foleni nzima, inaondoka. Zahanati inabaki na mhudumu ambaye hajafundishwa kutoa. Mimi ningeweka sharti moja: pasiwekwe kijiti mahali ambapo hakiwezi kutolewa wiki hiyo hiyo, tena bure kama kilivyowekwa.

Wauguzi mliomo humu, tujibuni kwa uwazi: kituoni kwenu anayetoa yupo kila siku? Na mama akija mwezi wa nne tangu awekewe, hajaumwa, hana sababu yoyote zaidi ya kwamba hakitaki tena, unamtolea au unamrudisha nyumbani?