Tupeane uzoefu: tuliokuwa skauti utotoni Tanga, mkono wa kushoto ulikuponza?

Ngamiani12:
Asalaam aleikum wadau, na wa Bwana asifiwe pia. Jana napanga kabati la marehemu mama nikakuta skafu yangu ya skauti imekunjwa pembe tatu ndani ya rambo, ile kijani imefifia imekuwa kama maji ya mchicha, na kipete chake cha kubania kimo humo humo, nilikikata mwenyewe kwenye kipande cha bomba la maji nikakisugua sakafuni mpaka kikawa laini. Nikakaa kitandani nacheka peke yangu kama chizi. Basi nafungua uzi, uliyewahi kuvaa skafu shusha cha kwako.

Naanza mimi. 1994, niko darasa la nne, shule moja hapa Ngamiani. Sare yenyewe ya kuungaunga, shati la kaki la kaka linanifika magotini. Kwata ilikuwa Jumamosi asubuhi, na chuoni, yaani madrasa, mapumziko ni Alhamisi na Ijumaa, kwa hiyo Jumamosi natakiwa niwe huku na huku, asubuhi mguu pande mguu sawa, jioni nakimbilia chuoni na jasho langu.

Sasa wiki hiyo skauti masta katufundisha salamu. Vidole vitatu juu, gumba linalalia kidole cha mwisho, na skauti kwa skauti mnapeana mkono wa kushoto. Akasema Baden-Powell, mzungu aliyeanzisha skauti, alimkuta chifu mmoja huko Ashanti, Ghana, akampa wa kushoto, maana wa kushoto ndio unaoshika ngao, ukiweka ngao chini ujue umemwamini mtu. Aisee hadithi ile ilinikaa! Jioni nafika chuoni, maalim yuko barazani na wazee wanne na birika la kahawa katikati, mimi kifua mbele, shikamoo maalim, nanyoosha mkono. Wa kushoto.

Baraza lote kimya. Maalim akautazama ule mkono kama kaletewa panya aliyekufa. "Huo wa chooni ndio unaniletea mimi?" Na mimi kwa akili zangu, badala ya kuomba radhi nikaanza kumweleza habari za ngao na chifu wa Ashanti, wallahi kwenye ngao sikufika. Bakora nilizokula siku ile hata kukaa nilikaa upande. Mzee mmoja aliyekuwa kuli bandarini ndiye aliyenitetea, akasema mwacheni mtoto, hayo kafundishwa ya wazungu na mzungu mkono wowote kwake mkono.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu, Ngamiani mnaijua. Mama hakunipiga. Alilivua lile shati akalifua usiku ule ule, akaniambia Jumamosi utakwenda, ila mkono wako huo uuache huko huko uwanjani.

Makorora_Kwetu:
Hahahaha mkuu umenivunja mbavu. Ya kwangu ni kambi, siku mbili karibu na mapango ya Amboni, kule Kiomoni. Mchana tukaingizwa ndani na mtembeza wageni, akatuonyesha mahali watu wanapoweka sadaka za mizimu, akatusimulia Osale Otango na Paulo Hamisi walivyokuwa wakijificha humo miaka ya 1950 wanasakwa na askari wa mkoloni. Na ile ya kwamba pango linatokea Mombasa. Jioni popo wanatoka, si mmoja si wawili, ni kama moshi unaotoka mdomoni mwa pango, unasikia na upepo wao usoni. Halafu baada ya hayo yote mtu unaambiwa eti zamu ya kulinda saa nane usiku ni yako wewe na mwenzako, tochi moja na betri zake zimechoka.

Tumekaa tunaona kaa jekundu kwenye vichaka upande wa pangoni. Linapanda, linawaka, linashuka. Linapanda tena. Mwenzangu akaanza ayatul kursiy akaikosea mara tatu. Mimi nikapuliza filimbi ya hatari kwa pumzi zangu zote, kambi nzima nje, watoto wanalia, wengine wameshika fimbo. Kumbe skauti masta anavuta sigara. Yule yule aliyetuambia mchana skauti ni msafi wa mwili na roho. Asubuhi chai yangu ilitiwa sukari vijiko vitano bila kuomba na mpaka leo hajanitamkia neno kuhusu ile sigara.

Pweza_Mkavu:
Hilo la kutokea Mombasa wazee walitupiga fiksi. Wataalamu walipima 1994, mapango yako kumi, refu kuliko yote mita 900 tu. Kwa miguu yenu hata Pongwe msingefika.

Makorora_Kwetu:
Wewe nenda saa nane za usiku na tochi ile halafu uje unipimie mita.

Binti_Chumbageni:
Mimi nilikuwa Girl Guides jamani, sisi nasi tuhesabiwe. Balaa langu lilikuwa jina. Bibi yangu wa Pangani kaja kututembelea, anauliza mbona umevaa bluu Jumamosi, nikamjibu bibi mimi gaidi. Akaweka kikombe chini. "Gaidi wa nani?" Gaidi wa shule bibi, tuko wengi, na mwalimu wetu ndiye gaidi mkuu. Shangazi akalazimika kuja kutoka Makorora kumtuliza. Alikubali pale tu nilipomfunga mkono bandeji kama tulivyofundishwa, kulia juu ya kushoto kisha kushoto juu ya kulia, fundo linalala bapa halikuchomi, akakaa na ile bandeji siku mbili mzima wa afya, kila mgeni anaonyeshwa kazi ya mjukuu wake gaidi.

Fuso_la_Muheza:
Dada hilo fundo ni la bandeji tu, nisikilizeni mimi. Nilifunga turubai la machungwa nikaunga kamba nene na nyembamba kwa fundo hilo hilo, tulipofika Segera turubai linapepea kama tanga la jahazi na nusu ya mzigo umelowa. Kamba zikipishana unene lipo fundo lake, nene unaikunja kitanzi, nyembamba inapita ndani inazunguka nyuma inajibana yenyewe. Tulifundishwa. Siku hiyo mimi nilikuwa uwanja wa Mkwakwani nimezamia mpira.

Tangamano_B:
Mwenge nani kausahau? Nilichaguliwa mimi kumvisha skafu kiongozi wa mbio, wiki mbili nafanya mazoezi, nimevalishwa soksi za kuazima, naimba kichwani kwa niaba ya skauti wenzangu nakuvisha skafu hii. Siku yenyewe natembea kwa kwata, brasi inapigwa, natoa saluti, yule baba akainama maana mrefu, namuona na chunjua lake shingoni, nikapaza sauti mpaka kwenye spika: kwa niaba ya skauti wenzangu NAKUVISHA MWENGE HUU. Akaninong'oneza, "utaniunguza mwanangu." Mtaani wakaniita Mwenge mpaka namaliza la saba, na yupo dukani kwangu mteja mmoja hadi leo haniiti jina lingine.

Ngamiani12:
Mwenge kumbe wewe ndiye! Nilikuwepo, mstari wa pili, tulichapwa kwa kucheka. Njoo inbox aisee, skafu binti yangu kaivaa saa hii, namwambia hicho kipete ni bomba la maji hataki, anasema baba hiyo ni pete ya mzungu.